Kabla ya Dawa, Mtafute Anayempiga

Samaki akianza kujibana kwenye kona ya juu ya tangi, nyuma ya bomba la filta, mapezi ameyakunja na rangi imemfifia, swali la kwanza ninaloulizwa na watu ni apewe dawa gani. Nimeulizwa na majirani, na wenzangu wa kazini, na kijana mmoja aliyenipigia simu usiku wa manane huku mgonjwa wake akielea kwenye bakuli la ugali mezani. Jibu langu huwa halimfurahishi mtu: usinunue chochote kwanza. Vuta kiti, kaa mbali kidogo na kioo, tazama nani anampiga.

Magonjwa yapo, tena mengine yanamaliza tangi zima kwa wiki moja. Lakini kwa samaki ninaowafuga mimi ugonjwa mara nyingi huja wa pili. Wa kwanza ni ubabe, nao hauonekani kirahisi kwa sababu haumo kwenye maji wala kwenye mwili wa mgonjwa. Umo kati ya samaki na samaki, na hujitokeza zaidi ukiwa umeondoka kwenda kuinjika chai.

Ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika hapa Dar es Salaam, kwenye tangi lenye urefu wa mita moja na nusu na maji kama lita 400. Ni Tropheus duboisi wa aina inayotoka Maswa, kusini mwa Kigoma (Maswa ya ziwani, si ile ya Simiyu). Akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa hufutika, kichwa kinageuka bluu iliyofifia, na kiunoni anafungwa mkanda mpana wa manjano. Jirani yangu mmoja alipowaona watoto wao kwa mara ya kwanza alinishauri kwa huruma kabisa niwatibu haraka, maana wote wameingiwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe.

Shangazi yangu, mzaliwa wa Ujiji, alikuja kututembelea akasimama mbele ya kioo kwa muda. "Mwanangu, umetoa hela kununua hivi visamaki vya mawe? Kwetu vipo bure." Kwao samaki ni migebuka, dagaa na kuhe. Nikamwambia kuhe ni wa ukoo mmoja na hawa, pamoja na sato na perege. Wote ni sikilidi, na kuhe ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa duniani. Akanijibu, "Basi, shangazi, si ungefuga kuhe, siku ukichoka ukampika."

Hivyo visamaki vya mawe huishi kwenye miamba ya ukingoni mwa ziwa, wakikwangua mwani unaoota juu ya mawe. Mwani ndio shamba lao, na shamba lazima lilindwe. Ukiingia kwenye jiwe la mwenzako unafukuzwa. Lakini kule ziwani ugomvi una mwisho wake. Anayefukuza humsindikiza mvamizi hadi mpakani, kisha anageuka upesi, kwa sababu muda anaotumia kumkimbiza mwenzake ni muda ambao jiwe lake limebaki bila mlinzi. Aliyeshindwa anaogelea zake. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470; mahali pa kwenda hapakosekani.

Tangini aliyeshindwa hukimbia mita moja, anagonga kioo. Kwa macho ya mbabe, huyu mtu bado yumo shambani. Amefukuzwa na hajatoka, maana yake anakaidi, kwa hiyo anapigwa tena. Anajikunja kwenye kona, anaonekana, anapigwa tena. Mbabe hana roho mbaya kuliko samaki mwingine yeyote. Anafanya kile kile ambacho babu zake wamefanya kwenye miamba ya Kigoma kwa vizazi na vizazi. Aliyevunja kanuni ni kioo, na kioo tumekiweka sisi.

Mwili wa samaki aliyebanwa hivyo hutoa kotisoli, homoni ile ile ambayo sisi hutoa tukiwa na hofu. Kwa dakika chache inamsaidia kukimbia. Ikiendelea siku baada ya siku inamkata hamu ya kula, inapunguza kinga yake, na vijidudu ambavyo vilikuwa vikiishi naye kwa amani tumboni na kwenye ngozi vinapata nafasi. Hapo ndipo mwenye tangi anapoona tumbo limevimba, au ukungu kwenye jeraha, anakimbilia duka la dawa. Dawa inaweza kuua vijidudu vyote vya leo, na kesho samaki akarudi kwenye kona ile ile kupigwa na yule yule.

Kuna utafiti mmoja ambao nikiufikiria huwa natazama tangi langu kwa jicho jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyofanya na Astatotilapia burtoni, samaki mwingine wa Tanganyika, wa maji ya kina kifupi. Walimweka dume mmoja katikati, akawa mtazamaji, wakamwonyesha mapambano ya madume wengine: wa kwanza anamshinda wa pili, wa pili anamshinda wa tatu, hadi wa tano. Kisha wakamwonyesha wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana wao kwa wao, mathalani wa pili na wa nne. Mtazamaji alisogea upande wa yule mnyonge zaidi. Alikuwa ameupanga msimamo wa ligi nzima kichwani kwa kutazama tu.

Sasa rudi nyumbani ufikirie maana yake. Mnyonge wako anapochapwa, tangi zima linatazama, na kila mmoja anajifunza ni nani anayechapika. Ndiyo maana samaki akishashuka hadi mkiani, hata wadogo ambao jana hawakuthubutu kumsogelea wanaanza kumdonoa. Mwenye tangi anaona watu wengi wanampiga, anadhani huyu ana kasoro. Ukifuatilia kwa subira utamkuta mwanzilishi ni mmoja.

Kumtafuta huyo mwanzilishi kunahitaji ujanja kidogo, kwa sababu samaki wanakujua. Ukisimama mbele ya kioo wote wanakuja juu kuomba chakula, na kwa dakika hizo wanakuwa raia wema. Mimi huegemeza simu kwenye kopo la sukari, naiwasha irekodi, naondoka chumbani. Nikirudi natazama video nikiwa nimekaa. Vitu ninavyovitafuta ni hivi: nani anapita katikati ya tangi bila kugeuzwa njia; nani akisogea wengine wanampisha; nani analala ubavu kidogo na kutetemeka mbele ya mwenzake, maana huko ndiko kusalimu amri; na nani anaacha kukwangua jiwe ili tu aende kumtoa mtu mafichoni upande wa pili. Huyo wa mwisho ndiye. Samaki anayefukuza anayemsogelea analinda mali. Anayesafiri kwenda kumtafuta aliyejificha ni suala jingine.

Kwetu alikuwa dume mmoja mpana wa kipaji ambaye binti yangu alimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kilichofanyika bila yeye kuwepo. Aliyekuwa anapigwa ni mdogo zaidi, ambaye madoa yake yalichelewa kufutika, akaitwa Nyota. Nyota alihamia nyuma ya bomba la filta. Mkia ulianza kuchanika, na chakula kikimwagwa alikuwa anakitazama tu kikipita.

Kabla ya kuamua kwamba ni ubabe kuna vitu viwili vya kupima, na hivi sivipuuzi hata siku moja.

Cha kwanza ni maji. Taka za samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria waliojenga makazi ndani ya filta huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali. Filta mpya huhitaji wiki nne hadi sita kufikia hapo. Sasa, mfugaji wa samaki wa Tanganyika ana tatizo lake peke yake: maji ya ziwa hilo ni ya alkali, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali, ambapo 7 ni katikati) inakaribia 9, nasi hujitahidi kuyaiga. Katika nyuzi 25 za sentigredi, kwenye pH 7 amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote iliyomo majini. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita asilimia 35. Kipimo kile kile cha taka ambacho samaki wa rangi ya dhahabu wa jirani yako hakihisi kinaweza kuchoma matamvua ya duboisi. Nikiona samaki kadhaa wanahema haraka kwa pamoja, kichwa juu, simtafuti mbabe. Nabadilisha maji.

Na hapa Dar kuna mambo mawili ya ziada. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliomo kwenye filta iliyofungwa hukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi filta inatapika maji yaliyovunda moja kwa moja ndani ya tangi. Ikiwa umekatika muda mrefu, fungua filta uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Jambo la pili ni joto la Januari na Februari. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 25, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri si anasa. Ukiwa huna, chota maji kwa kata uyamwage kutoka juu, chota tena mwaga. Mkono utauma, lakini samaki watavuka usiku.

Cha pili cha kupima ni mimba, kama naweza kuiita hivyo. Majike wa Tropheus hubeba mayai mdomoni, machache na makubwa, kwa takriban wiki nne. Jike wa namna hiyo hujitenga, chakula hakikimbilii, koo limetuna. Mtu asiyejua anaona dalili zote za ugonjwa na anaanza kumwaga dawa juu ya mama mwenye watoto mdomoni. Mtazame taya: anayebeba hutafunatafuna polepole, akiyageuza mayai. Halafu kuna ajabu nyingine. Mwaka 1990 watafiti wa Kijapani, Yanagisawa na Sato, waliandika kwamba majike wa duboisi wanaobeba huendelea kukwangua mwani, na mwani huo huwalisha watoto walio ndani ya mdomo. Kwa hiyo ukimwona jike mwenye koo lililotuna anadonoa jiwe, usiseme amemeza mayai.

Nyota hakuwa na mayai, na maji yalikuwa safi. Tukabaki na Mwenyekiti.

Hapa wengi humtoa mnyonge. Inaonekana ni huruma na ni rahisi, maana mnyonge hana nguvu za kukimbia wavu. Mimi humtoa mbabe. Mnyonge ukimtoa, atapona vizuri huko ndooni, kisha siku ya kumrudisha anaingia kama mgeni. Wenzake wameshagawana ile kona yake, na mgeni asiye na jiwe anapokelewa kwa kipigo kikubwa kuliko kile alichokikimbia. Mbabe ukimtoa, yeye ndiye atakayerudi akiwa mgeni, na kwa mwili wake anaweza kuvumilia.

Ila mnyonge mwenye jeraha bichi, au ambaye hajala kwa siku kadhaa, hawezi kusubiri siasa. Huyo nampatia hifadhi ndani ya tangi hilo hilo: kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, nakifunika juu na kukining'iniza kwenye ukingo ili kielee nusu. Maji yanapita, wenzake wanamwona na kumnusa, hawamsahau, na hakuna anayemfikia. Ndani naweka kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Kikapu hicho ni cha shilingi elfu chache sokoni na kimeokoa samaki wengi kuliko chupa zote za dawa zilizopo kwenye kabati langu.

Mwenyekiti nikamtoa usiku, taa zimezimwa, akapelekwa kwenye tangi dogo la akiba. Asubuhi Nyota alikuwa nje ya bomba. Lakini mchana ule ule dume mwingine, ambaye kwa miezi yote alikuwa mtulivu, aligeuka. Rangi ya mkanda ilimkolea, akachukua jiwe la Mwenyekiti, akaanza kupiga doria. Binti yangu akamwita Katibu.

Hili nalo limepimwa. Maabara ile ile ya Stanford ilikuwa imeonyesha mwaka 2005 kwamba ukimwondoa burtoni mtawala gizani, taa zikiwaka dume wa chini huanza kubadilika rangi na mwenendo ndani ya dakika chache, na hata ndani ya ubongo wake jeni fulani inaamka. Kiti kikiwa wazi, kuna anayejua kwamba kiko wazi. Kumtoa mbabe peke yake, basi, kunakununulia muda tu. Muda huo ndio wa kupangua mawe.

Niliyatoa mawe karibu yote nikayapanga upya, marundo mengi madogo badala ya mlima mmoja. Mlima mmoja una mwenyewe mmoja. Marundo yaliyotengana, yanayomkinga mtu asionekane kutoka upande wa pili, yana wenyewe kadhaa, na anayekimbia anapata pa kupotelea. Mipaka yote ya zamani ikafutika. Katibu akajikuta hana ofisi. Baada ya hapo nikaongeza vijana wa aina hiyo hiyo ya Maswa, kwa mpigo, usiku. Wengi huogopa kuongeza samaki penye ugomvi, na kwa samaki wengi wako sahihi. Kwa Tropheus mambo yanakwenda kinyume: wakiwa wanne watauana, wakiwa kundi kubwa kipigo kinagawanyika na mbabe hawezi kumfuatilia mmoja hadi mwisho. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuhusu mafahali kumi na tano hawakusema kitu. Sharti ni filta iweze kubeba mzigo huo na maji yabadilishwe kila wiki bila kukosa. Na usichanganye aina za maeneo tofauti ya ziwa, kwa sababu watazaliana na utabaki na watoto wasiojulikana ni wa wapi.

Nyota alianza kutoka, lakini tumbo likavimba. Mavi yakawa meupe, marefu, yakining'inia. Wafugaji wa Tropheus wanaijua hali hiyo na kuiogopa kuliko kitu kingine. Samaki hawa wana utumbo mrefu kuliko mwili wao mara kadhaa, umetengenezwa kwa mwani. Woga wa muda mrefu ukiungana na chakula chenye protini nyingi, vijidudu vya tumboni vinachukua usukani. Ndiyo sababu mtu akiniambia anawapa duboisi unga wa dagaa, kwa kuwa wanaupenda, huwa namwomba aache leo. Wanaupenda sana, ni kweli. Chakula chao kiwe cha mwani wa spirulina, na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, na kitu ambacho jua la Dar linatupa bure: weka mawe kwenye ndoo ya maji barazani, yaache hadi yaote ukijani, yaingize tangini jinsi yalivyo. Yataisha ukijani kabla ya jioni.

Kwa tumbo lililovimba nilichofanya ni kwanza kuacha kumlisha kwa siku mbili tatu, na kumhamishia kwenye tangi la wagonjwa pamoja na kijana mmoja mpole ili asirudi kuwa mgeni peke yake. Nikaweka haluli, hii hii ya kuendesha tumbo inayouzwa kwenye maduka ya dawa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20, imeyeyushwa kwanza. Haluli ni magnesiamu salfeti. Chumvi ya mezani haifanyi kazi yake. Hali isipobadilika, dawa inayotumiwa zaidi na wafugaji ni metronidazo, miligramu 250 kwa kila lita 40, kurudiwa kila baada ya siku moja na sehemu ya maji kubadilishwa kabla ya kila dozi, hewa ikipulizwa muda wote na mkaa ukitolewa kwenye filta. Hii ni dawa ya cheti. Zungumza na daktari wa mifugo, hata akicheka kidogo ukimwambia mgonjwa ana urefu wa kidole. Kumimina viuavijasumu kwa kubahatisha ndani ya tangi kubwa kunaua bakteria wa filta, kisha unarudi kwenye amonia. Maji ya dozi nayo hayamwagwi mferejini ovyo.

Ugonjwa wa vidoa vyeupe, ule halisi, una kanuni tofauti kabisa. Kimelea chake hujificha chini ya ngozi, dawa haimfikii pale. Anauawa akiwa ametoka na kuogelea majini. Kwa hiyo unatibu tangi zima, siku kadhaa baada ya madoa ya mwisho kutoweka, na kumtenga mgonjwa mmoja hakusaidii chochote. Lakini hata huo, angalia ulianza kwa nani. Kwangu mimi umekuwa ukianza kwa anayepigwa.

Kuna wanaofika pasipo na dawa. Matumbo yamejaa maji, magamba yamesimama, macho yametoka, wamelala ubavu kwa siku. Kumtupa mtu huyo chooni akiwa hai ni ukatili, na friza si usingizi kama watu wanavyodhani. Tunayo karafuu. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba yanakamuliwa pale Wawi, yana eujenoli, na eujenoli humlaza samaki. Tikisa matone machache kwenye chupa ya maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, kwa kuwa mafuta hayajichanganyi yenyewe, mimina taratibu kwenye bakuli lenye maji ya tangi na mgonjwa. Akishalala kabisa ongeza dozi kubwa, kiasi cha nusu mililita kwa kila lita, na umwache humo nusu saa baada ya matamvua kusimama. Nyumba itanukia pilau. Binti yangu aliniuliza nani anapika.

Nyota hakufikia huko. Tumbo lilishuka, akarudi tangini na mwenzake yule mpole, usiku, mawe yakiwa yamesogezwa tena kidogo. Hajawa mtawala na sidhani atakuwa. Bado yuko sehemu ya chini ya msimamo. Lakini sasa kipigo kinapita kwa watu wengi kabla ya kumfikia, na anakwangua mawe kama wengine.

Mwenyekiti nilimrudisha wa mwisho kabisa. Kwa siku chache alizurura akitafuta jiwe lake ambalo halikuwepo. Kisha akapata jingine, na mara nikamkuta kwenye video anavuka tangi zima kwenda kumtoa mtu mafichoni. Samaki wengine ni hivyo. Kumwachia mtoni au bwawani hairuhusiwi na haifai, maana samaki wa ziwa moja hana kazi kwenye maji ya pengine. Jinsi furu, visamaki wa asili wa Ziwa Victoria, walivyoangamia baada ya sangara kuingizwa tunajua. Nikampa jamaa mmoja wa Kigamboni mwenye tangi la lita 800 na kundi kubwa la duboisi wa Maswa waliokomaa. Nilimpigia simu wiki iliyofuata kumjulia hali. Akaniambia anakula vizuri, ila kuna jike mmoja hapo hataki kumwona karibu na jiwe lake, na siku nzima Mwenyekiti anazunguka kwa nyuma.

"Kajibana kwenye bomba?" nikamwuliza.

"Hapana, anakwepa tu. Mapezi mazima."

Nikamwambia aegemeze simu arekodi, anitumie.